Nipe Mji: Adabu ya Kumsaidia Mwenye Kujaza Fumbo

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Tangu nilipopata akili ya kuyakumbuka mambo, sijapata kumwona akilipokea gazeti la kila siku akaanza na habari za ukurasa wa kwanza. Hulifungua katikati, akalikunja mara nne, akatoa penseli aliyoichomeka nyuma ya sikio, kisha akaanza kujaza fumbo la maneno. Kazi hiyo aliifanya barazani, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, baada ya swala ya Alasiri. Alijiwekea mpaka: adhana ya Magharibi ikilia, penseli inarudi sikioni, fumbo limekwisha au halijakwisha. Visanduku vilivyobaki vitupu viliachwa vitupu. Gazeti la kesho yake lilikuja na majibu, lakini hakuyatazama. Alikuwa akituambia kwamba jibu ulilopewa kabla hujalitafuta ni kama tonge iliyotafunwa na mwingine.

Miaka miwili iliyopita alipatwa na kiharusi. Alhamdulillah, mguu ulirudi, na mkono nao ukarudi, japo kwa uzito. Kilichochelewa kurudi ni maneno. Aliijua vyema kanzu anayoitaka, akaielekeza kwa kidole, ila jina lake halikuja. Kijiko alikiita "kile, kile cha uji." Mtu aliyewafundisha sarufi watoto wa mji mzima alikaa mezani akihangaika na jina la kijiko, na sisi wanawe tulitazama pembeni ili asituone tunavyomwonea huruma.

Miezi ilipopita akaliomba tena gazeti. Tulifurahi mno. Fumbo lililokuwa likimchukua saa moja sasa lilimchukua siku mbili au tatu, na mara nyingi lilibaki na mapengo. Jioni moja nilikuja kuwasalimu wazazi, nikamkuta amelala kitini, fumbo lipo magotini, nusu halijajazwa. Nikatoa simu yangu, nikatafuta hili na lile, nikachukua penseli na kujaza visanduku vyote, kimoja baada ya kimoja. Nilidhani nimefanya wema. Alipozinduka akalitazama gazeti kwa muda mrefu. "Umemaliza," aliniambia, akanikabidhi karatasi ile. Kwa zaidi ya mwezi mmoja baada ya hapo hakuliuliza tena gazeti.

Makala haya, ndugu msomaji, yametokana na kosa langu hilo. Katika nyumba zetu wapo wazee wanaojaza mafumbo ya magazeti, wapo vijana wanaoyapenda, na wapo watoto wanaochungulia mabegani mwao. Wote hufika mahali wakakwama. Wakati huo ndipo sisi wengine hutakiwa kujua namna ya kusaidia, kwani upo msaada unaomjenga mtu na upo unaomnyang'anya kilicho chake.

Mraba uliotoka New York

Fumbo la maneno tunalolikuta magazetini lina umri wa zaidi ya miaka 100. Lilichapishwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World nchini Marekani. Aliyelitunga ni Arthur Wynne, mhariri aliyezaliwa Liverpool, Uingereza, ambaye alitakiwa kutafuta kitu cha kuwaburudisha wasomaji katika toleo la Jumapili. Fumbo lake la kwanza lilikuwa na umbo la almasi, na aliliita Word-Cross. Baadaye maneno hayo mawili yakageuzwa, na jina likabaki hivyo kwa Kiingereza hadi leo.

Mwaka 1924 vijana wawili waliokuwa wakianzisha kampuni ya uchapishaji, Simon na Schuster, walitoa kitabu cha kwanza cha mafumbo ya namna hiyo, kila nakala ikiwa imefungiwa penseli. Kitabu kikanunuliwa kwa kasi ambayo wenyewe hawakuitazamia. Gazeti la The New York Times liliwakejeli waliopoteza muda wao kwa mchezo huo. Hata hivyo, mwaka 1942, katikati ya vita, likaanza kuchapisha fumbo lake lenyewe, na halijaacha tangu hapo. The Times la London lilikuwa limekwisha kulitangulia, mwaka 1930.

Linalotuhusu zaidi ni kwamba tangu siku za mwanzo watu walitafuta msaada. Katika miaka ya 1920 kulikuwa na malalamiko kwamba wapenda mafumbo walizizingira kamusi katika maktaba hata wanafunzi wakakosa nafasi. Shirika la reli la Baltimore and Ohio liliweka kamusi ndani ya treni zake kwa ajili ya abiria waliokuwa wakijaza mafumbo safarini. Miaka mingi baadaye The New York Times likaweka namba maalumu ya simu: msomaji aliyekwama hupiga, akalipa kwa kila dakika, akasomewa jibu la dokezo analolitaka. Kumbe aliyekwama hakuwa peke yake, na wala hakuwa mjinga. Alikuwa mtu mwenye pengo moja la herufi nne na hamu kubwa ya kulijaza.

Upo pia mfano wa watu walioheshimiwa kwa sababu ya mchezo huu. Mwezi Januari 1942 gazeti la The Daily Telegraph la Uingereza liliandaa shindano la kumaliza fumbo lake kwa muda usiozidi dakika 12. Baadhi ya walioshiriki waliitwa baadaye na wakuu wa jeshi, wakapelekwa Bletchley Park, mahali ambapo siri za maandishi ya adui zilikuwa zikifumbuliwa. Akili inayozoea kulitazama neno kwa pande zake zote ilionekana kuwa silaha.

Sisi tulikuwa na chetu

Kabla ya mraba huo kutufikia, Waswahili walikuwa na vitendawili vyao, nao waliweka ndani yake kanuni ya msaada iliyo nzuri kuliko namba ya simu ya kulipia. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wanaosikiliza hujibu, "Tega!" Akatega. Wakajaribu, wakakosa, wakajaribu tena. Wakishindwa kabisa, mtegaji husema, "Nipeni mji." Nao humpa mji: Mombasa, Unguja, Bagamoyo, wowote wautakao. Mtegaji akiukubali, huanza kusimulia jinsi alivyofika mji huo akapokewa na kukirimiwa, kisha ndipo anapolitoa jibu.

Tuitazame adabu iliyomo. Kwanza, jibu halitolewi mpaka walioulizwa wajaribu. Pili, wao wenyewe ndio wanaokiri kwamba wameshindwa. Mtegaji hawakatizi njiani kwa kiherehere cha kuonyesha anajua. Tatu, wanaposhindwa hawaondoki mikono mitupu wala hawadharauliwi: wanatoa kitu, wanapewa kitu. Kushindwa kunageuzwa kuwa biashara ya heshima baina ya watu wawili. Mimi, jioni ile, nilimpa baba jibu bila kupewa mji.

Katika mafundisho ya dini yetu pia tunakuta swali la namna hii likitumika kufundishia. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwauliza Masahaba wake juu ya mti ambao majani yake hayapukutiki, akaufananisha na Muislamu, akawataka wautaje. Mawazo ya watu yakaenda kwenye miti ya nyikani. Ibn Umar, aliyekuwa mdogo miongoni mwao, ikamjia moyoni kwamba ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Walipoomba waambiwe, Mtume (s.a.w.) akawaambia kuwa ni mtende. Baadaye kijana huyo alimweleza baba yake yaliyokuwa moyoni mwake, na Umar (r.a.) akasema kwamba lau angelisema pale, lingempendeza yeye kuliko kuwa na kadhaa na kadhaa katika mali.

Katika kisa hicho wazazi tuna mambo mawili ya kuyashika. Mwalimu bora wa walimu hakuwatangulia wanafunzi wake kwa jibu. Aliwaacha watafute, akawaambia walipoomba. Na mtoto aliyejikunyata pembeni huenda ndiye mwenye jibu, ila anangoja mkubwa amwonyeshe kuwa neno lake linakaribishwa.

Neno la herufi nne

Aliyelirudisha fumbo nyumbani kwetu si mimi, ni mama. Siku moja, bila kumwambia mtu, alilipa gazeti kwa kijana wa duka la jirani, akalileta barazani na kuliweka mezani pamoja na kahawa. Kisha akaketi mkekani akaendelea kuchambua mchele. Mama hakupata kusoma skuli. Alisoma chuo cha Kur'ani huko Pangani alikozaliwa, na herufi za kirumi amejifunza ukubwani, kwa kubahatisha. Katika miaka yote ya ndoa yao hakupata kuhusika na fumbo la baba.

Baba alilitazama gazeti, akalisogeza, akalivuta tena. Akatoa penseli. Nusu saa ikapita. Mara akanong'ona, si kwa kuuliza, bali kama mtu anayesoma ili ajisikie: "Hutuliza mtungi kichwani, huchotea maji, na diwani huomba kura humo. Herufi nne."

Mimi nilikuwapo, na simu ilikuwa mkononi. Nilijizuia.

Mama akasema bila kuinua uso, "Mtungi kichwani hautulii bila kata. Sisi Pangani tukizungusha kitambaa, au majani ya mgomba, tukaweka kichwani ndipo tukajitwika."

Baba akamtazama. Akaandika kwa penseli, kwa wepesi, kama mtu asiyeamini. "Na kuchotea?" aliuliza.

"Kata pia," mama akajibu. "Kifuu cha nazi kilichotiwa mpini. Kwani mtungini kwa mama yako mlichotea nini?"

Mwanangu wa kiume, ambaye yupo darasa la tano, alikuwa mlangoni akisikiliza. Nilimwona anafungua mdomo na kuufumba. Nikakikumbuka kisa cha mtende. "Sema, mwanangu," nikamwambia.

"Babu," akasema, "na diwani ni wa kata. Tumesoma katika somo la uraia. Kijiji, kisha kata, kisha tarafa."

Neno moja la herufi nne lilikuwa limegawanywa vipande vitatu, na kila kizazi kilishika kipande chake. Mwalimu wa sarufi alijua kwamba neno huweza kuwa na maana zaidi ya moja; bibi aliyekulia kisimani alijua maana mbili; mtoto wa skuli alijua ya tatu. Kamusi ingeweza kutupa zote tatu kwa pamoja, lakini kamusi isingemfanya mama aache kuchambua mchele akasogeza mkeka wake karibu na kiti cha baba, jambo alilolifanya jioni ile na ambalo amekuwa akilifanya kila jioni tangu siku hiyo.

Ngazi tano za msaada

Baadaye mtaalamu anayemsaidia baba katika mazoezi ya kusema alitueleza jambo lililonifungua macho. Mgonjwa aliyepoteza maneno baada ya kiharusi hasaidiwi kwa kutajiwa neno papo hapo. Husaidiwa kwa madokezo yanayopanda taratibu: kwanza hupewa muda, kisha huelezwa kitu hicho kinatumika kwa kazi gani, kisha hutajiwa sauti ya kwanza ya neno, na mwisho kabisa ndipo hutajiwa neno lenyewe, naye akalirudia. Nilipolinganisha na fumbo la gazeti niliona kwamba utaratibu ni ule ule, nao unamfaa mzima kama unavyomfaa mgonjwa.

Ngazi ya kwanza ni kusoma dokezo kwa sauti. Mara nyingi jicho limelizoea dokezo kwa njia moja, na sikio hulisikia kwa njia nyingine. "Mnyama akunaye nazi" halina maana machoni. Likisomwa kwa sauti jikoni, kuna mtu atakayecheka na kukutazamisha mbuzi iliyoegemezwa ukutani.

Ngazi ya pili ni kuuliza maswali badala ya kutoa majibu. Neno hili ni jina au ni kitendo? Ni la umoja au la wingi? Herufi gani zimekwisha kupatikana? Maswali hayo humrudisha mtu kwenye njia bila kumwondolea safari.

Ngazi ya tatu ni kumtajia herufi moja. Anza na ya kwanza, na usiongeze ya pili mpaka uombwe.

Ngazi ya nne ni kamusi. Kila nyumba yenye mtoto wa skuli inapaswa kuwa nayo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa kwanza mwaka 1981, ingalipo katika nyumba nyingi; ipo Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, na ipo Kamusi la Kiswahili Fasaha ya BAKIZA, ambayo huwafaa wenye kutaka maneno ya Visiwani. Mtoto afundishwe kwamba jina hutafutwa katika umoja wake, na kitendo hutafutwa katika shina lake. Atakayetafuta "vyungu" asirudi akisema halimo. Atazame "chungu," naye atakuta zaidi ya alichokitafuta: chungu cha kupikia, chungu aliye mdudu, na uchungu wa shubiri.

Ngazi ya tano ni jibu lenyewe. Hiyo ndiyo "nipe mji." Litolewe kwa aliyeomba, na likitolewa lifuatiwe na maelezo: kwa nini ni hilo, na dokezo lilikuwa limejificha wapi. Jibu lisiloelezwa hujaza visanduku vya leo tu. Lililoelezwa humsaidia mtu kesho.

Lugha yenyewe ni msaidizi

Mwenye kujaza fumbo la Kiswahili ana bahati ambayo mwenye kujaza la Kiingereza hana, kwani lugha yetu ina mpangilio unaotabirika. Karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Hivyo kisanduku cha mwisho cha neno, kwa kawaida, kina nafasi tano tu: A, E, I, O au U. Ikiwa dokezo ni la kitendo, jaribu A kwanza. Isipokubali, kumbuka vitendo vilivyotoka katika Kiarabu, ambavyo huishia kwa I, E au U, kama safiri, samehe na jibu.

Herufi C haikai peke yake katika Kiswahili sanifu. Inayoifuata ni H. Ukiipata C, andika H bila wasiwasi. Q na X hazitumiki katika tahajia yetu. Konsonanti mbili zikifuatana, baadhi ya jozi zinazojulikana ni mb, nd, nj, nz, ng, ny, sh, dh, th, gh, na zile zenye w kama kw na mw. Maneno yaliyotoka lugha nyingine huleta jozi zaidi, kama daftari, na hiyo nayo ni alama ya asili ya neno.

Ngeli nazo husema. Dokezo likiwa la wingi wa watu, kisanduku cha kwanza aghalabu ni W na cha pili ni A. Miti huanza kwa MI, vitu kwa VI au VY, matunda mengi kwa MA. Dokezo likisema kitu "kilifanywa" na mtu, tazamia W karibu na mwisho. Mwanafunzi akiyafanya haya kwa mwezi mmoja pamoja na babu yake, atakuwa amerudia somo zima la sarufi, tena bila fimbo.

Na pale dokezo linapoonekana kuwa na maana mbili au tatu zisizopatana, usikasirike na mtungaji. Jiulize ni neno gani linalozibeba zote. Kaa ni mkaazi wa ufuoni, ni kipande cha jikoni chenye moto, na ni agizo kwa mgeni aliyesimama. Washairi wetu waliupenda utajiri huo tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, alisifika kwa kulitumia neno moja kwa maana zake nyingi. Kwa hiyo anayekaa barazani akiligeuzageuza neno hayuko mbali na asili yake.

Mambo ya kuangalia

La kwanza ni simu. Kwa mafumbo ya Kiingereza ipo mitandao ambayo ukiandika herufi ulizonazo na kuacha mapengo, hukuletea orodha ya maneno yanayoweza kuingia. Kwa Kiswahili msaada wa namna hiyo ni haba. Programu za kujibu maswali nazo huweza kukupa neno kwa uhakika mkubwa wakati halina idadi ya herufi zinazotakiwa. Hesabu visanduku kabla hujaamini. Simu isishike nafasi ya kwanza kabla ya watu waliomo ndani ya nyumba hawajaulizwa.

La pili ni zawadi. Fumbo lenyewe ni mazoezi ya akili. Lakini yapo mashindano yanayomtaka mshiriki atoe fedha, au atume ujumbe wa malipo ya ziada, ili aingizwe katika bahati ya kushinda. Mwenye kutaka kushiriki mashindano ya namna hiyo awaulize kwanza wanazuoni, kwa kuwa palipo na dau na bahati, mlango wa kamari hauko mbali.

La tatu ni muda. Baba alikuwa na kanuni yake: adhana ikiita, penseli husimama. Ni kanuni nyepesi kuisema, na inawafaa wenye mafumbo ya gazeti kama inavyowafaa wenye michezo ya simu.

La nne ni matumaini ya tiba. Wengi husema kwamba kujaza mafumbo huzuia ugonjwa wa kusahau uzeeni. Hilo halijathibitishwa. Mwaka 2022 ulitangazwa utafiti wa Vyuo Vikuu vya Columbia na Duke, Marekani, uliowafuata kwa wiki 78 watu 107 waliokuwa na upungufu mdogo wa kumbukumbu. Waliojaza mafumbo ya maneno walionekana kuhifadhi uwezo wao vizuri kidogo kuliko waliocheza michezo mingine ya kompyuta. Ni habari njema, lakini ni utafiti wa watu wachache, na haukusema kwamba fumbo ni dawa. Mzee anayeanza kusahau apelekwe kwa daktari, na anayeonyesha dalili za kiharusi, kama uso kupinda upande, mkono kulegea au maneno kumpotea ghafla, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Mji alioutoa baba

Wiki iliyopita nilikwenda tena Ngamiani. Niliwakuta watatu barazani: baba kitini, mama mkekani, mwanangu amekaa kizingitini na kamusi mapajani. Fumbo lilikuwa limebakiwa na neno moja. Baba alilihangaikia mpaka kivuli cha mwembe kikafika ukutani. Mwanangu alikwisha kulijua. Nilimwona kwa jinsi alivyouma mdomo. Aliulizwa mara moja tu, na babu yake, "Unalo?" Akaitikia kwa kichwa.

"Basi nikupe?" aliuliza mtoto.

"Bado."

Tukasubiri. Kutoka msikitini kipaza sauti kikakohoa, kama kifanyavyo kabla ya adhana. Baba akaiweka penseli nyuma ya sikio, akashusha pumzi na kutabasamu.

"Haya," akamwambia mjukuu wake. "Nakupa mji."

"Mji gani, babu?"

Baba alinyamaza. Midomo yake ikalitafuta jina. Niliona mkono wa mama umesimama juu ya ungo, naye hakumsaidia. Hakuna aliyemsaidia. Muda ulikuwa mrefu. Nilitamani kulitaja mimi, kwani wote tuliujua mji huo ni upi.

"Pangani," baba akasema.

Mtoto akaukubali mji, akaanza kusimulia jinsi alivyofika huko na kupokewa. Adhana ikaanza. Tukanyanyuka kwenda kutia udhu, na jibu la fumbo likangoja mpaka baada ya swala.